Madaraka ya Wanawake katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Kila inapotoka habari kwamba mwanamke ameteuliwa kushika cheo kikubwa katika chuo kikuu, mazungumzo ya watu huzuka kwa namna ileile: wengine hushangilia kana kwamba dhuluma ya karne nzima imeondoshwa kwa waraka mmoja, wengine hunong'ona kwamba amepewa kwa ajili ya jinsia yake wala si kwa elimu yake, na wengine, ambao ndio wengi, huuliza jambo hilo lina shani gani maadam mabinti wamejaa vyuoni na katika baadhi ya vitivo wamekwisha kuwapita wavulana kwa idadi. Makundi yote matatu yanachanganya mambo ambayo haki yake ni kutenganishwa. Yanachanganya wingi wa wanafunzi na wingi wa wenye amri. Yanachanganya cheo cha Mkuu wa Chuo, ambacho kwetu ni cha heshima na cha kutunuku shahada siku ya mahafali, na cha Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mwenye kazi yenyewe, fedha na watumishi. Na zaidi ya hayo yanadhani kwamba utawala wa chuo una njia moja ya kupandia, ilhali zipo mbili, na kila moja ina mahali pake pa kukwama.

Muradi wa uchambuzi huu ni kuyaweka mambo hayo kila moja mahali pake, kuzitazama rai kuu tatu zinazoshindana juu ya dawa ya tatizo, na kuzipima kwa yale ambayo Uganda, Kenya na Tanzania zimeyafanya kwa vitendo.

Asili ya mambo

Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi ilikuwa na wanafunzi 14, wote wanaume, na kauli yake rasmi ilikuwa wito wa kuwa wanaume. Hata wanawake wa kwanza walipopokewa mwaka 1945 kauli hiyo ilibidi iondoshwe na kuwekwa nyingine, inayosema juu ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Kauli ilibadilishwa upesi. Lililobaki ni umbo la chuo chenyewe: nyumba za walimu zilizojengwa kwa ajili ya mume mwenye ajira na mke asiye na ajira, vikao vilivyopangwa kwa mtu asiye na mtoto wa kumwogesha jioni, na dhana kwamba msomi ni mtu ambaye nyuma yake yuko mtu mwingine anayemwandalia maisha.

Wala haiwezi kusemwa kwamba waliotuletea umbo hilo hawakuwahi kumwona mwanamke mwenye uwezo wa kutawala chuo. Tume ya Asquith, iliyoundwa mwaka 1943 na serikali ya Uingereza kushauri juu ya elimu ya juu katika makoloni, ilikuwa na wajumbe wanawake, miongoni mwao Lillian Penson na Margery Perham. Na Penson huyo, mwanahistoria, akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha London tangu 1948 hadi 1951, mwanamke wa kwanza kukishika cheo hicho. Chuo hichohicho cha London ndicho kilichokuwa kikitoa shahada zilizosomewa Makerere tangu 1949, na zilizosomewa Dar es Salaam kilipofunguliwa chuo chetu mwaka 1961. Kwa hiyo mitaala tuliletewa, mitihani tuliletewa, majoho ya mahafali tuliletewa, walakini mfano wa mwanamke aliye juu ya kiti cha utawala haukuvuka bahari pamoja na shehena hiyo.

Uhuru ulipokuja haukuondosha yote. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1971 akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuifikia, alikuta kwamba mwalimu mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kuwa na haki sawa ya nyumba na marupurupu mengine, kwa hoja kwamba ana mume wa kumpatia. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walilipinga jambo hilo, hata wakajaribu kukigeuza chama cha wahadhiri kuwa chama cha wafanyakazi ili kiweze kujadiliana na mwajiri. Mahakama ilikataa, ila mengi katika waliyoyadai yalikubaliwa baadaye. Mwaka 1976 Maathai akawa mkuu wa Idara ya Anatomia ya Mifugo, na mwaka uliofuata akawa Profesa Mshiriki, wa kwanza wa jinsia yake katika chuo hicho kwa vyeo vyote viwili. Inafaa kulizingatia hilo kwa utulivu: mtu aliyekuwa na sifa za kuongoza idara nzima alikuwa, katika miaka ileile, akilazimika kutumia nguvu zake kudai nyumba.

Tanzania nayo ina funzo lake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita, bali afanye kazi kwanza na kupata ushahidi wa tabia yake. Nia ilikuwa njema, na aliyeitunga kanuni hakukusudia kumdhuru mwanamke. Lakini katika miaka hiyo ya kungoja mabinti waliolewa, wakazaa, wakapotea katika orodha, na idadi yao chuoni ikashuka kwa kiasi cha kutisha, hata ikabidi waondolewe katika sharti hilo baada ya muda mfupi. Kanuni iliyoandikwa sawasawa kwa wote ilileta matokeo yasiyo sawa, kwa sababu maisha ya wale iliyowahusu hayakuwa sawa. Mengi katika tunayoyatazama leo yana sura hiyohiyo.

Njia mbili, na mahali zinapokwama

Njia ya kwanza ni ya wanataaluma. Mtu huanza kwa kuwa Mhadhiri Msaidizi, akapata uzamivu akawa Mhadhiri, kisha Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na mwisho Profesa; na huku akipanda hivyo hupewa madaraka ya ukuu wa idara, ya uamidi wa kitivo au urasi wa ndaki, ya ukurugenzi, kisha unaibu na umakamu wenyewe. Njia ya pili ni ya waendeshaji: watu wa masjala, wahasibu, maafisa tawala, maafisa udahili, makatibu muhtasi. Hii ya pili ndiyo iliyojaa wanawake katika madaraja ya chini, na ndiyo isiyosemwa kabisa katika mijadala ya hadhara.

Nianze na hii iliyosahauliwa. Afisa tawala aliyeingia chuoni akiwa na shahada ya kwanza, akajifunza kwa miaka ishirini namna bajeti inavyopitishwa, namna faili la mtumishi linavyopotea na linavyopatikana, na namna mgogoro wa wanafunzi unavyotulizwa kabla haujafika kwa polisi, hukuta kwamba zaidi ya daraja fulani hapandi tena, kwa kuwa ukurugenzi wa rasilimali watu, wa mipango, wa udahili, aghalabu hupewa mwanataaluma mwenye uprofesa, ambaye huja kujifunza kazi hiyo kwa yule aliye chini yake. Desturi hii ina hoja yake, nayo ni kwamba chuo ni mahali pa elimu na wenye elimu ndio wanaopaswa kukiongoza. Na hoja hiyo si dhaifu, kwani chuo kinachotawaliwa na makarani peke yao hugeuka ofisi. Lakini gharama yake hulipwa zaidi na wanawake, maana wao ndio wengi katika kundi lililozuiliwa.

Katika njia ya wanataaluma kikwazo kiko kati, si mlangoni wala kileleni. Tuitazame fomu ya kuombea kupandishwa daraja ilivyo katika vyuo vingi. Ukurasa wa machapisho una jedwali pana, lenye safu ya jina la jarida, ya mwaka, ya idadi ya waandishi na ya alama. Kila makala hupimwa, huamuliwa na wasomi wa nje, hujumlishwa. Ukurasa wa utumishi kwa chuo una mistari michache, na aliyekuwa mlezi wa bweni la wasichana kwa miaka sita, akaamshwa usiku kwa wagonjwa, akakaa na waliofiwa, akaandika barua kwa wazazi, huiandika kazi hiyo kwa mstari mmoja na kupata alama zisizofikia za makala moja. Sasa nani hupewa kazi hizo? Hupewa mwanamke, kwa maneno ya sifa: ana huruma, ana subira, wasichana watamweleza siri zao. Hupewa pia kamati ya mapambo ya mahafali, kamati ya wageni, dawati la jinsia, na katika kikao chenye watu kumi yeye ndiye anayeombwa kuandika muhtasari. Kila moja ya kazi hizo ni ya heshima, na chuo hakiendi bila ya hizo. Lakini kwa jumla yake zinamla miaka ambayo mwenzake wa kiume aliitumia kuandika, na siku ya kulinganisha mafaili wanaolinganisha huona machapisho matano upande huu na kumi na mawili upande ule, wakasema kwa insafu ya dhahiri kwamba huyu wa pili ndiye aliyetangulia.

Fauka ya hayo, kuna miaka yenyewe. Uzamivu huwaangukia wanataaluma wengi kati ya umri wa miaka 28 na 40, ndiyo miaka ya kuzaa na kulea. Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Siku hizo ni haki, na hazimtoshi mtu aliye katikati ya utafiti wa maabara au aliyepata nafasi ya kusoma nje kwa miaka mitatu isiyoahirishwa. Mume anayekwenda kusoma Ulaya kwa miaka hiyo na kumwacha mkewe na watoto husifiwa kwa bidii. Mke afanyaye hivyo huulizwa na ukoo mzima, na mara nyingine na mkuu wake wa idara, watoto amemwachia nani.

Kisha kuna ukaimu. Mkuu wa idara anaposafiri au anapoondoka, mwanamke aliye mwandamizi hupewa kukaimu, na barua yake husema ni kwa muda mpaka atakapoteuliwa mwenye cheo. Kukaimu humpa mtu kazi yote na lawama yote, lakini hakumpi sahihi ya mwisho juu ya fedha wala hakuhesabiwi kama uongozi uliokamilika. Na anayekaimu hata akachoka huonekana aliyeshindwa jambo ambalo hakukabidhiwa.

La mwisho ni zito, na si insafu kulipita. Rushwa ya ngono imekuwa jinai yenye kifungu chake katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania tangu 2007, na mwaka 2020 TAKUKURU, taasisi yenyewe ya kupambana na rushwa, ilitoa matokeo ya uchunguzi wake wa jambo hilo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Watu hulizungumza kama shida ya wanafunzi tu. Ukweli ni kwamba lina taathira pia katika madaraka, kwa njia mbili: mwanamke aliyepanda kwa jasho lake hutuhumiwa kwamba alipanda kwa njia nyingine, na tuhuma hiyo haihitaji ushahidi ili imvunjie staha, na mwanamke anayeijua hali hiyo huepuka safari, vikao vya jioni na mazungumzo ya faragha na wakubwa, mambo ambayo kwa wenzake wa kiume ndiyo yanayomfanya mtu ajulikane na kutajwa jina siku ya uteuzi.

Rai ya kwanza: jaza mlango wa kuingilia

Wenye rai hii husema kwamba viongozi wa vyuo hutoka miongoni mwa maprofesa, maprofesa hutoka miongoni mwa wahadhiri, na wahadhiri miongoni mwa wanafunzi waliofaulu sana; kwa hiyo ongeza wasichana chini, na wakati utafanya kazi iliyobaki. Uganda ndiyo iliyoifuata rai hii kwa ujasiri mkubwa zaidi. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana wote waombao alama moja na nusu, na sehemu yao chuoni, ambayo ilikuwa yapata robo, ikapanda hata ikakaribia nusu katika miaka ya 2000, ingawa ni haki kusema kwamba kufunguliwa kwa masomo ya kujilipia na ya jioni kulichangia pia. Dar es Salaam nayo, katika miaka ya 1990, ilianzisha masomo ya maandalizi kwa wasichana waliokaribia kufuzu kuingia kitivo cha sayansi.

Nguvu ya rai hii ni kwamba haileti ugomvi juu ya cheo cha mtu, inawafikia watu maelfu badala ya mmoja, na matunda yake yanaonekana. Udhaifu wake ni hesabu yenyewe. Aliyeingia Makerere mwaka 1990 akiwa na miaka 20 amekwisha kupita miaka 50, ndio umri wa kuwa Makamu Mkuu, na bado tangu kuasisiwa kwake Makerere haijapata mwanamke aliyethibitishwa katika cheo hicho. Wakati pekee haukuifanya kazi iliyotegemewa, kwa sababu hizo za katikati nilizozieleza: msichana aliingia kwa wingi, akahitimu kwa wingi, akaajiriwa kwa uchache, na akapandishwa daraja kwa uchache zaidi.

Hata hivyo Uganda hiyohiyo ina jambo la kutia moyo, nalo liko nje ya Makerere. Mary Okwakol, aliyekuwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Gulu, alikwenda kuanza Chuo Kikuu cha Busitema kilipofunguliwa mwaka 2007 na kuwa mwanamke wa kwanza nchini mwake kuongoza chuo kikuu cha umma. Na Joy Kwesiga, aliyetoka Makerere, akaongoza Kabale. Chuo kipya hakina safu ndefu ya wazee wanaongoja zamu yao, hakina urafiki wa miaka thelathini unaoamua kabla kikao hakijafunguliwa, na kwa hiyo hulazimika kutafuta mtu kwa sifa zake. Sisemi kwamba hii ndiyo kanuni ya mahali pote, illa nadhani inaeleza mengi.

Rai ya pili: weka kiwango kwa sheria

Wa pili husema kwamba wema wa wenye madaraka hautegemeki, na kwamba lisiloandikwa katika sheria haliwi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 27, iliagiza kwamba zaidi ya thuluthi mbili ya wajumbe wa chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa wasiwe wa jinsia moja. Ile ya Rwanda ya 2003 ilitaka wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Na Tanzania inavyo viti maalumu Bungeni.

Kwa vyuo, faida ya kanuni hii iko mahali ambapo wengi hawapatazami. Makamu Mkuu ni mtu mmoja, na mtu mmoja hagawanyiki kwa thuluthi. Kwa hiyo kanuni haiwezi kumgusa yeye. Lakini Baraza la Chuo lina wajumbe wengi, kamati ya kupandisha vyeo ina wajumbe wengi, kamati ya kumtafuta Makamu Mkuu ina wajumbe wengi, na huko ndiko faili la mtu linakosomwa au kufunikwa. Mwanamke wa pili na wa tatu katika kamati hubadilisha maswali yanayoulizwa, hata kabla hajabadilisha kura.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, sheria isiyo na adhabu hukaa kitabuni: Bunge la Kenya lenyewe lilishindwa kuitungia sheria kanuni hiyo, hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje, na halikuvunjwa. Pili, watu wameshaizoea lugha ya viti maalumu kiasi kwamba mwanamke aliyeshinda kwa sifa kamili huitwa kwa jina hilo, na kanuni iliyokuja kumpandisha humpunguzia itibari mbele ya walio chini yake. Wanaoipinga kanuni hukitaja kisa hiki cha pili kuwa hoja ya kuifuta. Kwangu mimi ni hoja ya kuiweka penye wengi na kuiondoa penye mmoja.

Rai ya tatu: tangaza nafasi, watu washindane

Wa tatu husema kwamba shida haiko kwa wanawake wala kwa sheria, iko katika siri ya uteuzi. Na hapa Kenya na Tanzania zimefuata njia mbili tofauti, jambo linalotupa nafasi adimu ya kulinganisha.

Kwa miaka mingi Rais wa Kenya alikuwa ndiye Mkuu wa kila chuo kikuu cha umma, na Makamu Wakuu walitoka mkononi mwake. Mwai Kibaki alipoingia madarakani mwishoni mwa 2002 aliiacha desturi hiyo, nafasi zikaanza kutangazwa, na watu wakaomba na kuhojiwa. Mwaka 2006 Olive Mugenda akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, mwanamke wa kwanza katika chuo cha umma nchini humo, akakiongoza kwa miaka kumi. Mabel Imbuga alifuata katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kisha wengine Eldoret, Egerton na Maasai Mara. Kwa watu wa pwani lipo moja la kukumbukwa hasa: Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho asili yake ni ile taasisi ya elimu ya Waislamu iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kufundisha vijana wa kiume ubaharia na ufundi wa mitambo, nacho kimeongozwa na Laila Abubakar.

Tanzania imebaki na uteuzi kutoka juu. Toka Pius Msekwa mwaka 1970 hadi William Anangisye aliyeteuliwa 2017, walioongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni wanaume watupu. Si kwamba hapakuwa na wanawake: Penina Mlama, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa tamthilia zake, alikuwa Afisa Mkuu wa Taaluma wa chuo hicho, cheo cha pili kwa ukubwa, na Esther Mwaikambo, daktari wa kwanza mwanamke wa Tanzania, alikuwa Makamu Mkuu, lakini wa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, ambacho ni cha watu binafsi.

Basi je, ushindani ndio dawa? Una nguvu zake, wala sizifichi: humpa mwanamke asiye na mtu wa kumtaja jina nafasi ya kujitaja mwenyewe, na huacha nyaraka ambazo aliyenyimwa anaweza kuzidai. Lakini una mipaka miwili. Uteuzi kutoka juu, ukiwa mikononi mwa mwenye nia, unaweza kufanya kwa siku moja ambalo ushindani haulifanyi kwa miaka kumi. Tatizo lake ni kwamba nia huondoka na mwenyewe. Tena ushindani hupima yaliyomo katika faili, na faili, kama tulivyoona, limekwisha kuelemea upande mmoja miaka mingi kabla ya tangazo kutoka. Mugenda hakutokea penye ulezi wa mabweni. Alitokea kwenye unaibu wa fedha, mipango na maendeleo, penye majengo na bajeti, na alipofika mbele ya waliomhoji alikuwa na mambo ya kuonyesha ambayo mtu yeyote huyahesabu kuwa utawala. Ushindani ulimpa haki yake kwa sababu tayari alikuwa amekabidhiwa kazi yenye uzito.

Mizani

Nikiziweka rai tatu pamoja, naona kila moja inasimama kwenye ncha mojawapo ya njia na kuiacha sehemu ya katikati. Ya kwanza inashughulika na mlango, ya pili na ya tatu zinashughulika na kilele na vikao vinavyokizunguka, na hakuna inayouliza mwanamke mwenye miaka 38, Mhadhiri mwenye watoto wawili, alipewa kazi gani mwaka huu, na kazi hiyo itahesabiwa vipi miaka minane ijayo. Hapo ndipo ninapoona mgogoro wenyewe ulipo, na hapo ndipo marekebisho yanapotoa faida kubwa kwa gharama ndogo.

La kwanza ni kuipa kazi ya ulezi thamani yake katika fomu. Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kushusha hadhi ya elimu, na kwamba profesa apimwe kwa elimu tu. Hoja hiyo ingesimama kama kazi hizo zingegawanywa sawa. Maadam hazigawanywi, basi ama zigawanywe kwa zamu, wanaume nao walee mabweni na waandike mihtasari, ama zihesabiwe. Chuo kichague moja kati ya hayo mawili. Mimi ningependelea zamu, kwa sababu kuzihesabu peke yake kunaweza kuwafunga wanawake humohumo kwa malipo mazuri kidogo.

La pili ni kuukomesha ukaimu usio na mwisho: mtu akikaimu kwa miezi sita, ama athibitishwe ama apewe sababu kwa maandishi. La tatu ni kufungua baadhi ya kurugenzi, hasa za utumishi, udahili na fedha, kwa waendeshaji waliosomea kazi hiyo. Hili litapingwa vikali kuliko yote, na si kwa chuki ya wanawake. Litapingwa kwa sababu kurugenzi hizo zina posho ya madaraka na gari, na profesa ambaye mshahara wake haumtoshi huzitegemea. Anayetaka mageuzi haya sharti akubali kulizungumza jambo la mishahara ya maprofesa papo hapo, la sivyo atashindwa na watu ambao kimsingi wanakubaliana naye.

Juu ya kilele chenyewe, naona njia ya Kenya ya kutangaza nafasi ina dalili bora kuliko ya Tanzania, kwa sharti kwamba kamati inayosaili iwe chini ya kanuni ya thuluthi, na orodha fupi isiyo na hata mwanamke mmoja irudishwe kwa walioiandaa pamoja na kudaiwa maelezo. Haya hayamnyimi mwanamume yeyote cheo alichostahili. Yanamtaka tu anayechagua aonyeshe kwamba alitafuta.

Nayo Mabaraza ya Vyuo yanaweza kuanza bila kungoja sheria mpya, kwa kuchapisha kila mwaka, katika taarifa ileile yanayochapisha idadi ya wahitimu, jedwali la wakuu wa idara na wanaokaimu, la miezi waliyokaimu, na la wajumbe wa kila kamati, kwa jinsia zao. Idadi ya wahitimu wasichana tunaisikia kila mahafali, na tumeridhika nayo mno. Jedwali hilo la pili ndilo litakalomwezesha mwenye kuuliza juu ya madaraka kuuliza kwa ithibati, na ndilo litakalomwonyesha anayedhani kwamba shani hii imekwisha ni idara gani ya kwenda kutazama.